Mlango Uliobana Moyoni

Likoni, Mombasa
21 Agosti 1957

Mwanangu Ruwaida,

Assalaam aleikum. Nakuandikia na ndege yenu nadhani haijafika hata Nairobi, ili barua hii ikufuate nyuma kama mtu aliyesahau kusema jambo. Sisi huku ni wazima, dirisha la chumba chako nimelifunga, na uliyebaki kuuliziwa hali ni wewe.

Mliondoka saa tatu na robo. Nilisimama uwanjani pale Port Reitz mpaka ndege ikawa nukta. Waliokuja kuwasindikiza waliondoka, mimi nikabaki. Usidhani ni huzuni. Nilikuwa nataka kuona magurudumu yanaingia wapi, na sikuona, kwa hivyo nitazamie wewe uniambie.

Tangu daktari wa mjini alipotwambia kuwa mlango mmoja wa moyo wako umebana, kwa sababu ya ile homa ya viungo uliyougua ukiwa na miaka tisa, na kuwa London wako mafundi wa kuufungua, mimi sina raha na neno hilo "mlango". Mlango wa namna gani? Una bawaba? Unafunguka kwa ndani au kwa nje? Pale kwa daktari niliona haya kuuliza, mtu mzima kama mimi mwenye duka na ndevu. Wewe ni mwalimu, huoni haya. Uliza.

Mtunze shangazi yako Zubeida. Najua yeye ndiye aliyetumwa akutunze wewe, lakini dada yangu hajapata kwenda mbali kuliko Mazeras. Na jambo alilolisema daktari usilisahau: hii homa ya mafua inayozunguka dunia imekwisha kuingia bandarini na mabaharia, na mtu mwenye moyo kama wako haimfai hata kidogo. Ukisikia mtu anakohoa, geuza uso. Adabu utaonyesha ukisha kupona.

Babako,
Hamdun


London
27 Agosti 1957

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeegemea mito mitatu, kwani nikilala chali pumzi hukatika kama ujuavyo, lakini hayo tumeyazoea. Barua yako ilinikuta kitandani hospitali siku ya pili. Shangazi ni mzima na anakusalimu. Amepewa chumba katika nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, na mchana kutwa yuko hapa.

Magurudumu huingia ndani ya mbawa, Baba, chini ya zile injini. Husikika mlio kama wa mtu anayekokota sanduku juu ya sakafu, kisha kimya.

Kufika Nairobi kulinishinda kidogo. Ile ndege ndogo haikufungiwa hewa ndani, na ilipopanda juu ya Voi kucha zangu ziligeuka rangi ya zambarau. Kijana wa ndege akaniletea mtungi wa hewa na kifuniko cha mdomo. Nikavuta, na hapo ndipo nilipoweza kutazama chini. Nchi nyekundu, tupu, na reli imelazwa juu yake kama uzi juu ya kitambaa. Nilikuwa natafuta watu, sikuona hata mmoja. Nikajiuliza, wao je, wanatuona?

Ndege kubwa ya Nairobi hadi hapa haina taabu hiyo, hewa yake imefungiwa ndani. Tulishuka Entebbe, Khartoum, Benghazi na Roma. Khartoum, kabla mlango haujafunguliwa, aliingia mtu na kopo akatupulizia dawa ya mbu vichwani. Shangazi akaruka: "Sisi ni kunguni?" Na mawingu yalipotutikisa alinishika mkono, akasema, "Fumba mato, mwanangu. Hata ndia ya mbinguni ina mashimo kama ya Mtongwe!"

Adhuhuri ilitukuta juu ya jangwa. Shangazi akaniambia nimuulize kijana wa ndege kibla kiko wapi. Kijana hajui, akaenda kumuuliza rubani. Rubani akaja mwenyewe na penseli na ramani, akamwonyesha: nyuma yetu, upande wa kulia. Shangazi akasali kwenye kiti. Baada ya robo saa rubani akarudi kusema kibla kimesogea kidogo, amsamehe. Sasa Shangazi anasema hajapata kuona Mzungu mwenye dini kama yule.

Nyuma yetu alikuwako mtu akikohoa tangu Entebbe. Nilifungwa mtandio puani mpaka Roma.

Habari ya mlango bado. Daktari mpasuaji atakuja Ijumaa.

Mwanao,
Ruwaida


Likoni
6 Septemba 1957

Mwanangu Ruwaida,

Salamu nyingi kama zilivyo nafasi katika karatasi hii nyembamba. Mimi sijambo. Dukani hakuna ambaye hakuniuliza hali yako, na wewe sasa u hali gani?

Barua yako imesomwa dukani mara nne. Nilipofika pahali pa rubani na kibla ilibidi nirudie. Jumwa, yule Mgiriama anayeniletea mchicha, aliweka kapu chini akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu. Anasema: wakati moyo uko mikononi mwa watu, roho yake itakaa wapi? Mwalimu wa chuo cha Kurani alijaribu kujibu, akaishia kukohoa.

Na kukohoa huko hakukuwa kwa haya. Homa imeingia Likoni. Ferry juzi ilikwenda kwa taabu, wafanyakazi nusu wamelala majumbani. Chuo kimefungwa. Mwalimu mwenyewe alilala siku sita, sasa anatembea na fimbo. Vijana hupona haraka, wazee na wachanga ndio wanaotutoa jasho. Mimi sijashikwa. Nawauzia watu nimesimama mbali, natupa paketi ya chai kama mtu anayelisha kuku.

Swali langu ni hili. Mafundi hao wataufanyaje moyo kazi na wenyewe unapiga? Fundi wa saa huisimamisha saa kwanza. Moyo ukisimamishwa, si ndiyo kufa? Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Babako,
Hamdun


London
15 Septemba 1957

Baba yangu,

Shikamoo, na pole kwa maradhi ya hapo mtaani. Mshike Mwalimu mkono kwa niaba yangu, lakini kwa mbali. Mimi sijazidi wala sijapungua. Barua hii ina mambo mawili, moja zuri na moja zito, nami naanza na zuri.

Mpasuaji amekuja. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini. Nilimwambia babangu anataka kujua kama mlango una bawaba. Alitoka, akarudi kesho yake na moyo wa ng'ombe ndani ya sahani, ameufunika kwa kitambaa. Akaupasua mbele yangu. Baba, si mlango wa mbao. Ni vitambaa viwili vyeupe, laini, vimeshikwa chini kwa nyuzi kama tanga dogo. Damu ikija hufunguka, ikisha pita hujifunga. Vyangu vimegandana pembeni, pamebaki tundu la kupita kalamu. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu, ndiyo maana nalala nimekaa.

Nao hawausimamishi moyo! Moyo una sikio dogo ubavuni. Wanalizungusha uzi kama mdomo wa mfuko, wanatoboa, naye anatia kidole. Kidole chenyewe ndicho kinachoziba damu isimwagike. Hana macho mle ndani, ni kupapasa tu, mpaka aufikie mlango, auachanishe kwa ncha ya kidole. Dakika mbili hazitimii. Nilimwomba anionyeshe. Ukucha wa kidole hicho cha shahada ameukata mpaka kwenye nyama.

Swali la Jumwa nalo nilimpelekea. Hakucheka. Alisema miaka yote hii hajapata kuulizwa, na Jumwa akipata jibu huko Likoni, naye aletewe.

Sasa lile zito. Homa imefika hapa. Wiki iliyopita wauguzi saba wa wodi yetu walilala siku moja. Vitanda vimejaa watu wenye homa, na upasuaji wote umesimama. Jumanne Shangazi alikuja anatetemeka. Wamempeleka hospitali nyingine nje ya mji, nami sikuruhusiwa hata kumuaga. Aliniinulia mkono kutoka kwenye gari.

Mpasuaji aliketi kitandani pangu akaniambia wazi. Homa hii inaua watu wenye moyo kama wangu kuliko wengine. Naweza kurudi nyumbani sasa, nije mwaka kesho. Au nifungiwe katika chumba cha peke yangu, bila mgeni, mpaka wodi isafike, na nikishikwa humo basi wao hawana la kuahidi. Alitaka jibu siku ya pili. Barua yangu kukufikia na yako kurudi ni zaidi ya wiki mbili.

Nilimwuliza, mwaka kesho mlango huu utakuwa umebaki tundu la kiasi gani? Akanyoosha penseli yake, akanionyesha upande uliochongwa.

Nimetia sahihi kubaki, Baba. Nimejibu mwenyewe. Kama nimekosa adabu, nisamehe. Kama nimekosa akili, niombee.

Mwanao,
Ruwaida


Likoni
23 Septemba 1957

Mwanangu,

Amani ya Mungu iwe nawe katika chumba hicho. Mimi nilishikwa na homa siku nne, nimeinuka jana, usitie wasiwasi, ulimi tu ndio mchungu. Zubeida amenitumia salamu kwa barua aliyoandikiwa na muuguzi, anasema homa imemwacha ila miguu haimtii. Wewe je? Umeshikwa? Nakuuliza kana kwamba utanijibu hapa hapa.

Hukukosa adabu. Umefanya jambo ambalo mimi sikuliweza, na hilo ndilo linalonifanya niandike kabla sijapona sawasawa.

Ruwaida, mama yako Dhahabu alikuwa akilala kwa mito mitatu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, labda unakumbuka. Kucha zake zilikuwa zambarau kama hizo zako za juu ya Voi. Mwaka wa hamsini daktari aliniandikia karatasi nimpeleke hospitali kubwa Nairobi. Aliniambia, "Ni moyo, usikawie." Karatasi ile niliitia mfukoni, na haikutoka. Nilijiambia mke wangu hatavuliwa nguo mbele ya wanaume wageni. Hayo ndiyo niliyojiambia. Kweli yake ni kuwa niliogopa asije akafa mbali na mimi. Miezi mitano baadaye akafa karibu nami.

Mjomba wako Barakat alivuka kutoka Kisauni mara tatu kuja kuniuliza, "Daktari kasema nini juu ya dada yangu?" Mara tatu nilimjibu, "Kasema hakuna la kufanya." Karatasi niliichoma siku ya hitima.

Katika kuuliza kwangu kote, bawaba na magurudumu, nilikuwa nazunguka swali moja. Muulize mpasuaji wako: mwanamke mwenye moyo kama wako, mwaka wa hamsini, lau angepelekwa, angepona? Muulize kama unayeuliza habari ya mtu mwingine. Na jibu lolote atakalolitoa, niletee kama lilivyo.

Babako,
Hamdun


Likoni
18 Oktoba 1957

Mwanangu Ruwaida,

Assalaam aleikum. Simu ya maandishi ya shangazi yako ilifika tarehe tatu: KAPASULIWA SALAMA. Nilimpa mtu anisomee mara ya pili, kwani niliona maneno ni machache mno kwa jambo lenyewe. Alhamdulillahi. Jumwa alipiga vigelegele mpaka wateja wakatoka nje kutazama bibi harusi.

Tangu siku hiyo, wiki mbili, hakuna barua. Kila siku navuka kwenda posta. Mwanzo nilisema hawezi kushika kalamu. Kisha Zubeida akaniandikia kuwa unashika kijiko, unasuka nywele zako mwenyewe na umemfundisha muuguzi kusema "asante sana". Basi nikafahamu. Mtu anayeweza kusuka nywele anaweza kuandika.

Sikulaumu. Nilikutwika mzigo wangu siku chache kabla ya kisu, kana kwamba wako haukutosha. Jambo hilo nalijutia kuliko nilivyojutia karatasi.

Nikuambie nilichokifanya. Jumatatu nilikwenda kwa mchinja nikanunua moyo wa ng'ombe. Niliufunga mlango wa jikoni, nikakata ukucha, nikatafuta hilo sikio. Lipo kweli. Nikatia kidole, nimefumba macho. Nilipapasa, nikavigusa hivyo vitambaa viwili. Ni laini, Ruwaida. Ni kama ukingo wa sikio la mtoto. Nilidhani nitagusa kitu kigumu, kitu kinachofanana na kifo. Nilisimama pale kidole kikiwa ndani mpaka wali ukaungua.

Sihitaji tena jibu kama hutaki kulitoa. Niandikie habari ya hali ya hewa.

Babako,
Hamdun


London
24 Oktoba 1957

Baba,

Shikamoo. Hali ya hewa ni mvua. Mimi ni mzima, na neno hilo leo naliandika kwa maana yake.

Nilikasirika. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya upasuaji. Nililia kwa hasira mpaka muuguzi akaniambia nikiendelea moyo utakwenda mbio nao watanirudisha nyuma. Nikajizuia kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yako. Na baada ya kupona nilikuwa nachukua kalamu, naandika "Baba yangu mpenzi", kisha naiweka. Siku kumi namna hiyo. Nakuambia kwa sababu wewe uliniambia lako.

Asubuhi ya kupasuliwa, mpasuaji alipokuja kunitazama, nilimuuliza. Sikuweza kujifanya ni mtu mwingine. Nilisema, "Mama yangu." Akasema, "Swali hilo ni refu. Nitakujibu ukiamka." Baba, waliponisukuma kwenye kitanda cha magurudumu sikuwa na dua ndefu. Nilikuwa na kitu kimoja kichwani, kuwa lazima niamke nisikie.

Niliamka na kifua kimefungwa kama mzigo wa safari. Maumivu siwezi kuyaeleza, na sitaki. Ila siku ya tatu waliondoa mto mmoja, siku ya tano wa pili. Siku ya tisa nililala chali. Niliitazama dari. Sijapata kuiona dari ya chumba chochote tangu nina miaka kumi na saba.

Akaja na jibu lake. Nimelihifadhi neno kwa neno, nalileta kama ulivyotaka.

Alisema: "Mwaka wa hamsini Nairobi hawakuwa wakifungua mioyo. Hapa tulikuwa wachache tulioanza. Wagonjwa wangu wanne wa kwanza, wawili walikufa mikononi mwangu. Kama mama yako angeletwa kwangu mwaka huo, sijui ningemfanya nini. Lakini Nairobi wangempa dawa za kutoa maji kifuani na kuutuliza moyo. Kwa dawa hizo baadhi waliishi miaka mitatu, minne. Na miaka minne baadaye mimi nilikuwa naijua njia." Nikamuuliza, kwa hivyo angepona? Akasema, "Kwa haki kabisa, sijui. Mwambie baba yako kuwa sijui, na asikubali mtu yeyote amwambie kuwa anajua."

Ndilo hilo, Baba. Si kamba ya kujinyonga, wala si msamaha. Mimi nimeligeuza huku na huku, nimeona naweza kuishi nalo. Sijui wewe.

Lakini kuna mtu aliyevuka kivuko mara tatu kuuliza, akajibiwa uongo. Jibu hili ni lake pia. Mimi sitalipeleka.

Jana walinipandisha ngazi kunijaribu. Ghorofa tatu. Shangazi alikuwa nyuma yangu akihema, mimi mbele namngoja.

Mwanao,
Ruwaida


Likoni
11 Novemba 1957

Mwanangu Ruwaida,

Assalaam aleikum wewe na Zubeida. Homa imepungua, chuo kimefunguliwa, duka linakwenda. Mimi nashukuru kwa yote, na barua yako naishukuru zaidi, hata mistari ile iliyouma. Iliyouma nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine.

Jumapili nilivuka kivuko, nikavuka na daraja la Nyali, nikafika Kisauni kwa Barakat. Alikuwa uani anatengeneza taa. Alinikaribisha kahawa. Nikamwambia kabla kahawa haijaja, kwani nilijua nikisha kuinywa nitaona haya kuvunja ukarimu.

Nilimwambia yote. Karatasi, mfuko, moto, na sahihi uliyoitia wewe mwenyewe huko. Kisha nikamsomea jibu la mpasuaji kama ulivyoliandika, hadi "asikubali mtu yeyote amwambie kuwa anajua".

Barakat hakupaza sauti. Aliuliza, "Yeye Dhahabu alijua kuna karatasi?"

Nikasema, "Hapana."

"Hukumuuliza anataka nini?"

"Sikumuuliza."

Akaweka taa chini. Akasema, "Mtoto wake kaulizwa, kajibu mwenyewe." Kisha akaingia ndani. Kahawa ililetwa na mkewe, nikainywa peke yangu uani, nikaaga mlango.

Siku nane nzima sikusikia neno. Nilisema imekwisha, na ni haki yake.

Leo asubuhi amekuja dukani. Hakuketi. Ameuliza ndege yenu inafika lini. Nikamwambia Jumamosi, tarehe ishirini na tatu, alasiri, Port Reitz. Akasema, "Nitakuwako. Lakini sitasimama nawe." Akanunua ratili ya sukari asiyoihitaji, akaenda zake.

Basi ukishuka ngazi utatuona wawili, tumesimama mbali mbali, kila mtu na upande wake wa uzio. Usishangae, wala usisimame katikati ukatazama huku na huku. Nenda kwake kwanza. Mpe mkono, aone kucha zako.

Mimi nitangoja.

Babako,
Hamdun